Glasi za Mfalme wa Ng'ambo

Jirani yangu wa Fisksätra, hapa Sweden, mama wa makamo kutoka Uvira, Kongo, alinichagua kuwa mshenga wake kwa sababu sikuwa mtu wa upande wowote. Aliniambia hivyo waziwazi, amesimama mlangoni kwangu na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, lililofunikwa kwa sahani.

"Wewe ni mtu wa Kigoma," alisema. "Ukaenda Bujumbura, ukaenda Kampala, ukaenda sijui wapi tena. Hakuna mtu anaweza kusema wewe ni wa nani."

Nilipokea bakuli, nikaikubali na kazi, ingawa maneno yale yalinikaa vibaya. Nilikuwa nimevuka arobaini, ninaishi kwenye chumba nilichopangishwa na mpangaji mwenzangu, na masanduku yangu yalikuwa bado yamefungwa kwa kamba tangu nilipohama mara ya mwisho. Kuambiwa huna mwenyewe, hata ukiambiwa kwa sifa, ni jambo linalokurudia ukiwa unaosha vyombo.

Dada yule, maana ndivyo nilivyomwita, alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa kiume, fundi wa lifti. Alimleta Sweden akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hapa hakuwa na kaka, hakuwa na shangazi, hakuwa hata na binamu wa mbali wa kugombana naye. Sasa kijana alikuwa amepatana na binti wa Mkongo mwenzao anayeishi Flemingsberg. Kwa sheria za Sweden vijana wale hawakumhitaji mtu. Wangeweza kwenda manispaa wakati wa mapumziko ya mchana wakarudi kazini wakiwa mume na mke. Dada hakutaka hivyo. Alitaka mwanawe apokelewe. Alitaka aingie katika nyumba yenye wazee, anywe pamoja nao, aitwe mkwe mbele ya watu, ili siku yeye akiondoka duniani kijana awe na mahali pa kwenda kulia.

"Mimi nikifa kesho," aliniambia, "nani atakaa na huyu mtoto matanga? Wale wa kampuni ya mazishi? Watampa kahawa na kitambaa cha karatasi, halafu watamwambia asante kwa leo."

"Dada, hufi kesho."

"Sikusema kesho ya Jumanne."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Mengine yote, pamoja na zile glasi, yalikuja kwa ajili ya hilo.

Glasi zilikuja wakati wa kiangazi, kabla ya posa. Kwa miaka mingi dada alikuwa akifanya usafi katika nyumba ya bibi mmoja wa Kiswidi huko Spånga, nyumba ya mbao yenye bustani ya matofaa na ngazi za nje zilizooza pembeni. Bibi alikuwa ameuza nyumba, anahamia makao ya wazee, na mimi nilikuja na gari la kampuni kubeba vitu. Ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya, kuhamisha watu. Ukiifanya kwa muda mrefu unajua nyumba za Waswidi zilivyo kutoka ndani: kabati la vyombo vya Krismasi, sanduku la picha ambazo hakuna anayejua tena ni za nani, na watoto walioko mbali wanaouliza kwa simu kama kuna kitu cha thamani.

Bibi alikuwa amepinda mgongo lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alinizuia nisifunge boksi moja, akatoa glasi iliyokuwa imeviringishwa gazetini, akaiinua dirishani.

"Unaona nini?"

Niliona glasi ndogo ya divai, mguu mrefu na mnene, na ndani ya mguu uzi wa hewa uliojisokota kama kamba. Kwenye kikombe chake palikuwa na michoro iliyochongwa kwa chuma chembamba: ua la waridi lenye matumba mawili ambayo hayajafunguka, na upande wa pili nyota na jani la mwaloni.

"Maua," nilisema.

"Vizuri. Ndivyo ulivyotakiwa kudhani."

Alitueleza akiwa ameketi juu ya boksi la vitabu, dada akisikiliza na ndoo mkononi. Wazee wake walitoka Uskoti. Walikuwa wafanyabiashara, wakawa upande wa mfalme aliyefukuzwa kwenye kiti chake akaishia kuishi uhamishoni ng'ambo ya bahari. Upande wao uliposhindwa, wengine walinyongwa na wengine walikimbia, na mmoja wa waliokimbia alifika Sweden. Waliobaki nyumbani hawakuweza kumtaja mfalme wao. Ukimtaja mezani, kesho yake askari wako mlangoni. Basi wakamchonga kwenye glasi. Waridi lilikuwa taji. Matumba yalikuwa watoto wake ambao siku yao ilikuwa haijafika. Jani la mwaloni liliwekwa kwa sababu mmoja wa wafalme wa ukoo ule aliwahi kujificha ndani ya mti wa mwaloni huku askari wakimtafuta chini. Nyota ilikuwa matumaini.

"Na kama uko mezani na watu wa serikali," bibi alisema, "wanasema, tunywe kwa afya ya mfalme. Utafanya nini? Ukikataa umejifichua. Kwa hiyo unanyanyua glasi kama wenzako, ila unaipitisha kwanza juu ya bakuli la maji lililo mezani. Wote wanasema mfalme. Wewe peke yako unajua umemnywea yule aliye ng'ambo ya maji."

"Alirudi?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Mfalme."

"Hapana. Alifia hukohuko. Na watoto wake vilevile." Aliigeuza glasi polepole. "Siku hizi wataalamu wanabishana. Wengine wanasema tumba ni tumba na jani ni jani, watu walipenda maua tu. Mimi sijui. Lakini kuchonga kioo ni kazi ngumu sana kwa jani la bure."

Dada aliweka ndoo chini. Akauliza kwa Kiswidi chake cha taratibu: "Na wake zao? Wale wa waliokufa. Na wao walikunywa?"

Bibi aliiviringisha glasi tena gazetini. "Nadhani wao walikunywa kuliko wote," alisema, akamsukumia boksi. Watoto wake walikuwa wamekwisha kusema hawataki vitu vya zamani.

Tuliporudi garini dada alilipakata lile boksi magotini, hakutaka nilifunge nyuma na mengine. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya barabara kuu aliposema, bila kunitazama: "Kumbe hata Wazungu walikuwa na watu wa kunong'ona."

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, na siku ya posa ikapangwa, aliniambia atazitumia glasi zile. Zaidi ya hapo, ataweka bakuli la maji katikati ya meza, na kila mzee atapitisha glasi yake juu ya maji kabla ya kunywa, kuwakumbuka waliobaki ng'ambo ya ziwa. Mimi niliona ni jambo zuri. Kwetu Kigoma, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo unaiona upande wa pili kama vile mtu angeweza kuigusa kwa kasia, na utoto wangu wote ng'ambo lilikuwa neno la watu wanaokuja na vifurushi vichwani, hawasemi waliacha nini. Nilidhani anawazungumzia hao. Kuhusu mume wake nilijua kwamba alikufa vitani, basi. Watu wa kule hawaulizani zaidi. Ukiambiwa "alikufa vitani" umejibiwa na mlango umefungwa.

Wageni walifika Jumamosi mchana, na nje tayari kulikuwa kunaanza giza. Walikuja kwa reli ya Saltsjöbanan, viatu vimelowa theluji ya maji. Baba wa binti alikuwa mwanamume mrefu, shemasi wa kanisa lao, anayefanya kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa. Alifuatana na dada yake, ambaye kwa binti alikuwa shangazi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Binti mwenyewe, mwanafunzi wa uuguzi, aliingia jikoni moja kwa moja kumsaidia mama mkwe mtarajiwa. Kijana alikuwa amevaa suti iliyombana mabegani, anafungua mlango na kuufunga kama kwamba nao ni wa lifti anayoikagua.

Nilianza kazi yangu. Nilisimama, nikakohoa, nikasema tumetoka mbali, tumepita katika bustani ya watu, tumeona ua, tumekuja kuuliza kama lina mwenyewe.

"Ua gani?" shangazi akadakia. "Novemba hii, Sweden hii? Wewe mshenga umeona plastiki."

Tulicheka sote, hata baba.

"Shangazi, mimi macho yangu ni mazima."

"Macho mazima na bado huna mke? Kwanza tukutafutie wewe, halafu huyu mtoto atangoja."

"Bon, haya," baba wa binti alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Mshenga, endelea. Lakini usiongee sana, mimi kesho niko kazini asubuhi."

Ilikwenda hivyo kwa muda mzuri. Walikula wali na samaki, baba akaomba pilipili mara ya pili, na dada alikuwa akipita na sahani huku uso wake umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Niliwaza kwamba limekwisha, limebaki la kunywa tu. Katika mila yao, na hata yetu haiko mbali, mzee akikinywa kinywaji cha nyumba ya kijana amekubali kuketi na nyumba hiyo. Maneno ya kukubali yanaweza kusemwa baadaye.

Dada alileta glasi kwenye sinia. Alizijaza soda ya tangawizi, maana shemasi hanywi pombe. Kisha akaweka katikati ya meza bakuli la kioo lenye maji.

Baba wa binti aliinyanyua glasi yake. Ni kitu kizuri, mtu yeyote angekitazama, naye alikigeuza kwenye mwanga wa taa akitabasamu. Kidole gumba kikawa kinapita juu ya michoro. Kikasimama kwenye jani.

Dada alikuwa amekwisha kusimama. "Kabla ya kunywa," alisema, "ninaomba tupitishe glasi zetu juu ya maji haya. Kwa wetu walio ng'ambo, ambao wangependa kuona siku hii." Alipitisha ya kwake. Halafu, na hili hakuwa ameniambia, akachovya vidole kwenye bakuli akamnyunyizia mwanawe kichwani, taratibu, kama mama anayebariki mtoto anayesafiri.

Baba wa binti aliweka glasi mezani. Aliiweka kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kulipuka.

"Mama," alisema. "Ile maji ni ya nini?"

"Ni ya kuwakumbuka watu wetu, papa," dada alijibu, akimwita baba kwa namna ya kwao.

"Ni ya nini?"

Binti akasema kitu kwa Kiswidi, haraka, kwamba baba, ni glasi tu. Baba yake hakugeuka.

Nilijua ni zamu yangu kusema. Nilieleza habari za bibi wa Spånga, Uskoti, mfalme aliyefukuzwa, matumba na nyota. Nikiwa katikati nilijisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa mepesi, lakini sikuwa na mengine. Aliningoja nimalize.

"Ndugu yangu," alisema, "mfalme wa Wazungu alifukuzwa, akafa zamani, akachorwa kwenye glasi, glasi ikapanda meli, ikapanda treni, ikafika hapa Fisksätra. Kuniambia mimi nini?"

Shangazi alicheka peke yake.

"Majani," baba aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na maji ya kunyunyiza kichwani. Mimi ninajua hii kitu, mama. Wewe pia unajua. Siku walikuja kwetu, majani kwenye vichwa vyao ilikuwa bado mbichi. Maji ilikuwa inawadondoka. Walikuwa wametoka kunyunyiziwa palepale, nyuma ya kanisa, ili risasi zisiwaingie."

Ndipo nilipoelewa. Hata sisi Kigoma tuliwasikia wapiganaji wale wa msituni, waliojifunga majani kichwani na kunyunyiziwa maji ya dawa. Wakimbizi waliwaigiza kwa watoto, nusu kwa dhihaka na nusu kwa woga. Nilikuwa nimeitazama glasi ile kiangazi chote, na sikuwahi kuliona jani lile kama alivyoliona yeye kwa kidole gumba.

"Baba ya huyu kijana alifia wapi?" aliuliza.

Dada angeweza kusema vitani. Nilimwangalia ili anione, nikitamani aseme vitani. Neno lile lilikuwa limewavusha watu wengi mipaka mingi, na lingetosha kumvusha na yeye. Alimtazama mwanawe, ambaye maji yalikuwa bado yanang'aa kwenye nywele zake.

"Msituni," alisema.

"Pamoja na wale?"

"Pamoja na wale."

"Walimshika kwa nguvu ao alienda mwenyewe?"

"Alienda mwenyewe. Nyumba ya mama yake ilichomwa, na mama yake ndani. Waliochoma walikuwa na bunduki, sikuwauliza wametumwa na nani." Alikaa chini. "Papa, sikukualika umnywee. Sina kaburi lake. Sina hata picha. Leo anaposwa mtoto wake, nikasema nimpe maji kidogo, siku moja tu, naye awepo. Ndiyo ilikuwa hivyo tu."

Kijana alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alikuwa amekua akiambiwa kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani aliyekufa katika vita vya watu wengine. Alimwuliza mama yake jambo kwa Kiswidi, neno moja au mawili.

"Mama," baba wa binti alisema, akijinyanyua kwa kushika ukingo wa meza, "asante kwa chakula. Chakula ilikuwa kitamu. Lakini mimi sikuja kukaa na yeye."

Walitoka. Binti alilia kwenye korido, akimwambia baba yake kwa Kiswidi maneno ambayo kwa Kiswahili asingethubutu. Shangazi alichelewa akivaa viatu. Alipomaliza alirudi hatua mbili ndani, akaushika mkono wa dada.

"Ungedanganya, mama," alimnong'oneza. "Sisi wote tulidanganya. Unafikiri tulifikaje huku?"

Mshenga haachi kazi njiani. Wiki chache baadaye nilikwenda Flemingsberg kutafuta jibu la mwisho, kwa kuwa posa isiyojibiwa ni kama mlango unaogongwagongwa na upepo, nyumba nzima hailali. Nilikutana na baba wa binti kwenye mkahawa wa hospitali wakati wa mapumziko yake. Alikuwa na sare ya kazi, mikono yake mikubwa imekauka kwa dawa ya kunawia. Aliniletea kahawa bila kuniuliza, akasogeza na sukari.

"Kijana sina ubaya na yeye," alianza. "Unajua anakuja hapa? Juzi lifti yetu ya vitanda ilikwama, akaitwa yeye. Nilikuwa na mgonjwa, mzee, anaogopa. Kijana akafungua, akamsalimia mgonjwa kwanza, halafu mimi. Vizuri kabisa."

"Basi papa, huoni kwamba..."

"Ninaona. Ngoja." Alikoroga kahawa yake. "Kaka yangu alikuwa na duka la baiskeli. Mkubwa wangu. Alinilipia shule. Siku walikuja na ile majani yao, walisema ameuzia adui baiskeli. Alikuwa anauzia kila mtu. Baiskeli haiulizi unaenda wapi."

Pembeni yetu wauguzi wanafunzi walikuwa wanacheka juu ya simu ya mtu.

"Sasa wewe niambie, mshenga. Nikimwita huyu kijana mkwe, baba yake anakuwa nani kwangu? Sema."

"Baba wa mkwe wako."

"Anakuwa ndugu. Kwetu hatuoi mtu mmoja, unajua. Tunaoa na waliolala. Siku ya arusi nitamwaga kinywaji chini, kwa kaka yangu na kwa baba ya kijana, pamoja, kwa mkono mmoja. Nitamwambia kaka yangu, huyu hapa ndugu yako, kaeni. Ninaweza?"

"Labda hakuwa yeye, papa. Walikuwa wengi, vikundi vingi, mahali pengi."

"Labda. Ndiyo maana simchukii." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na ukali. "Nyinyi watu wa Kigoma vita yetu mlisikiliza kwenye redio, mkatuuzia mihogo. Si vibaya. Lakini usinifundishe labda."

Nilimwambia basi, hata lile la maji lisahaulike, mama yule hakuwa na siri mbaya, alikuwa mjane anayeomboleza.

"Najua. Siku ile alisema ukweli na mimi ninamheshimu. Lakini angalia ile alitaka tufanye. Wote tunyanyue glasi, wote tuseme watu wetu, na ndani ya roho mimi nina wangu na yeye ana wake. Watu wanaishi hivyo, si kanisani kwetu peke yake. Kila Jumapili ninakula na watu kama hawa, ninajua, wanajua. Lakini mtoto wangu hapana. Sitaki nimtoe mtoto wangu namna hiyo."

"Kwa hiyo nimwambie nini?"

"Mwambie wakae pamoja kama Waswidi. Siwezi kuzuia, sheria iko na wao. Mtoto wangu akija nyumbani nitafungua. Huyu kijana akija na yeye nitampa kiti na chakula. Lakini kumwita mkwe, hapana. Na nikifa asibebe jeneza langu, na mama yake akifa sitakuja kukaa chini." Aliangalia saa ya ukutani, akanywa kahawa iliyokuwa imepoa. "Mwambie kwa adabu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Vijana wale sasa wana nyumba ya vyumba viwili Spånga, karibu na stesheni. Wanapendana, nimewaona. Sikukuu kijana huketi Flemingsberg mwisho wa meza, anahudumiwa vizuri, na hakuna mtu anayemwita chochote.

Lakini siku ile nilipaswa kulipeleka jibu. Kutoka Flemingsberg mpaka Fisksätra unabadilisha treni, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno ya adabu kama nilivyoagizwa. Nilimkuta dada anapiga pasi sare zake za kazi sebuleni. Kijana alikuwepo, ameketi kwenye kochi na simu, tangu posa alikuwa anakuja kila jioni bila kusema kwa nini. Nilimweleza dada yote, pamoja na jeneza, kwa sababu aliniambia nisipunguze.

Alimaliza kupiga pasi mkono wa shati uliokuwa mezani. Akachomoa waya.

"Hata matanga yangu hatakuja."

"Hata hayo."

"Basi," alisema. Nilingoja alie, ningejua la kufanya. Alikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja, akalisawazisha tena.

Nilishika koti langu. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuahidiwa kazi Göteborg, na sehemu ya akili yangu, nakiri, ilikuwa kule. Ndipo kijana aliposema, kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu nimfahamu alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiswidi kila anachoulizwa:

"Mama. Yeye alikuwa mtu wa namna gani?"

Dada aliyaacha mashati. Alinigeukia mimi.

"Ndugu, kaa. Usiende. Nikimwambia peke yangu nitapunguza."

Nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, koti magotini. Kijana aliifunika simu yake kwenye kochi. Dada alivuta stuli ya jikoni akaketi mbele yake, karibu sana, kama mtu anayetaka kumtoa mtoto mwiba.

"Alikuwa hapendi kuamshwa," alianza. "Ukimwamsha, ananuna mpaka saa nne. Lakini siku walipokuja wenzake kumchukua, nilimkuta ameshaamka, ameshanawa. Nikajua. Alivaa koti la arusi yetu. Nikamwambia, wewe, unaenda porini na koti la arusi? Akasema ndilo lenye mifuko mikubwa."

"Mifuko ya nini?" kijana aliuliza.

Dada aliniangalia, akarudisha macho kwa mwanawe, akamwambia: "Ya risasi."